Kusomea usimamizi wa ujenzi chuo kikuu na kujiandaa kwa kazi: anza na daftari

Daftari langu la kwanza la saiti lilikuwa la kurasa 96, lenye madoa ya saruji kwenye jalada. Nililinunua mwaka wa pili wa chuo kwa sababu fundi mmoja aliniuliza jana yake tulimwaga toroli ngapi za kokoto, nikabaki nimeduwaa. Nilikuwa nimesimama pale kwa saa tisa nzima na sikuwa na jibu. Leo nasimamia kazi za majengo, na vijana wanaotoka vyuoni hupitia mikononi mwangu kila mwaka. Wengi hesabu wanazijua, michoro wanaisoma. Wanachokosa ni tabia ya kuandika kilichotokea leo, saa ngapi, kwa watu wangapi, na nani alisema nini. Kazi hii inasimama juu ya kumbukumbu hiyo, na tabia hiyo huijengi siku ya kwanza ya ajira. Ndiyo maana katika mwongozo huu utaliona daftari kila baada ya hatua chache.

Nimeandika kwa kuangalia Tanzania, ninakofanya kazi. Msomaji wa Kenya nimemgusia mahali panapotofautiana.

Hatua ya 1: Ijue kazi yenyewe kabla hujajaza fomu

Kwenye jengo moja kuna watu wengi wanaoitwa "injinia" na mafundi, kumbe kila mmoja ana kazi yake. Mbunifu majengo huchora nyumba itakavyokuwa. Mhandisi hupiga hesabu za nguvu: nguzo iwe na unene gani, nondo ziwe ngapi. Mkadiriaji majenzi hupima kazi na kuipa bei, huandaa ile BOQ, yaani orodha ya kazi na vipimo vyake, ambayo mkandarasi hujaza bei zake, na hukokotoa malipo. Meneja wa ujenzi ndiye anayehakikisha watu, vifaa, fedha na muda vinakutana mahali pamoja kwa siku moja. Saruji ikifika wakati kokoto haijafika, hilo ni lake. Fundi umeme akija kupitisha mabomba baada ya slabu kumwagwa, hilo pia ni lake.

Kama unapenda kukaa peke yako na mchoro mpaka usiku, labda ubunifu unakufaa zaidi. Usimamizi unamtaka mtu anayeweza kuongea na mkurugenzi saa tatu asubuhi na kibarua saa tatu na nusu, wote wawili kwa heshima ileile.

Hatua ya 2: Mchepuo, chuo na mkopo

Hesabu haikwepeki. Vyuo vingi vinataka ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita hesabu ikiwemo, kwa hiyo PCM (fizikia, kemia, hesabu) na PGM (fizikia, jiografia, hesabu) zinakuweka mahali pazuri, na programu nyingine zinapokea hata EGM (uchumi, jiografia, hesabu). Aliyepita stashahada naye ana njia yake, kwa kawaida kwa GPA ya 3.0 kwenda juu. Naomba nilisisitize hilo kwa sababu wazazi wengi huiona stashahada kama kushindwa. Baadhi ya vijana wazuri niliofanya nao kazi walianzia chuo cha ufundi, wakashika mwiko kwanza, ndipo wakaenda shahada. Huyo ukimwambia ukuta umetoka nje ya timazi, anauona kabla hujamaliza sentensi.

Usitafute jina la "usimamizi wa ujenzi" peke yake kwenye orodha ya programu. Hapa kwetu watu wengi wa kazi hii wamepitia uchumi wa majenzi, ukadiriaji majenzi au uhandisi ujenzi, kisha wakaingia usimamizi. Chuo Kikuu Ardhi, pale Dar es Salaam, kina shahada ya uchumi wa majenzi ya miaka minne, na kuna shahada za uhandisi kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vingine. Kenya, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kule Juja kina shahada inayobeba jina lenyewe la usimamizi wa ujenzi. Vigezo hubadilika, kwa hiyo shika mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wa mwaka wako, usitegemee wa kaka yako. Fomu ya mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ianze mapema: cheti cha kuzaliwa na vyeti vya vifo kwa yatima huchukua muda kuhakikiwa, na kila mwaka kuna wanaokosa kwa karatasi moja tu.

Hatua ya 3: Mwaka wa kwanza, jifunze kuhesabu kitu unachoweza kukigusa

Darasani utapewa nguvu za vitu, upimaji ardhi, uchoraji, uchumi. Yote yana kazi yake. Lakini usisubiri mwaka wa tatu ndipo uhesabu zege. Chukua chumba unacholala ukipime. Tuseme slabu yake ni mita 5 kwa 4, unene wa sentimita 15. Hiyo ni mita za ujazo 3 za zege.

Sasa ligeuze zege hilo liwe mifuko. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, vitu vikavu hupungua vikichanganywa na maji, kwa sababu mchanga unajaza mianya ya kokoto. Kwa hiyo zidisha ujazo kwa 1.54: unapata mita za ujazo 4.62 za vitu vikavu. Gawa kwa 7, ambayo ni jumla ya mafungu, upate 0.66 ya saruji, 1.32 ya mchanga na 2.64 ya kokoto. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa kama lita 35. Ukigawa 0.66 kwa 0.035 unapata mifuko 19. Ongeza kidogo kwa ajili ya upotevu, agiza 20.

Nondo nazo zina njia ya haraka ambayo kila mtu wa saiti anapaswa kuwa nayo kichwani: kipenyo kwa milimita, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, gawa kwa 162, unapata kilo kwa kila mita. Nondo ya milimita 12 ni 144 gawa kwa 162, yaani kilo 0.89. Nondo nzima ya mita 12 ina uzito wa kama kilo 10.7. Siku moja utapokea mzigo wa nondo "za 12" zinazoonekana sawa kwa macho, ukipima mojawapo kwenye mizani inakuja kilo 9. Hapo umeokoa jengo, na hukuhitaji maabara.

Fanya hesabu kama hizi kila wiki na uziandike kwenye daftari: ngazi za bweni, karo la kuoshea, ukuta wa uzio. Andika ulichokadiria, na ukipata nafasi ya kuona kazi ikifanyika, andika kilichotumika kweli. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo elimu yenyewe.

Hatua ya 4: Fildi, mahali ambapo daftari linajaa

Mafunzo kwa vitendo ndiyo kipindi kinachotenganisha wanafunzi. Kuna anayeenda fildi kutafuta sahihi ya msimamizi kwenye kitabu cha kumbukumbu, na kuna anayeenda kujifunza.

Anza kutafuta nafasi miezi mitatu kabla. Peleka barua ya chuo mwenyewe, kwa miguu yako, kwenye ofisi za wakandarasi, wakala za barabara TANROADS na TARURA, Wakala wa Majengo, Shirika la Nyumba la Taifa, ofisi ya mhandisi wa halmashauri yenu. Usitake mradi mkubwa tu. Kwenye daraja au reli utaona mitambo ya kutisha, lakini unaweza kukaa wiki nane ukiwa mtu wa kubeba makaratasi. Kwenye jengo la ghorofa mbili la mkandarasi mdogo utapima msingi Jumatatu, utapokea tofali Jumatano na kugombana na dereva wa lori la mchanga Ijumaa. Kwa fildi ya kwanza ningechagua hilo jengo dogo bila kusita.

Ukifika, msalimu fundi mkuu kabla hujamsalimu mtu mwingine. Nakumbuka asubuhi moja nimefika nikiwa na kofia ngumu mpya inayong'aa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, injinia. Umekuja kutufundisha?"

"Hapana mzee, nimekuja kujifunza."

Akanitazama kidogo, akanipa chepe. "Basi nenda pale kwenye kokoto. Mwambie yule kijana toroli lijae sawasawa, lisiwe kichuguu."

Sikuelewa mpaka mchana. Mchanganyiko pale ulikuwa unapimwa kwa toroli, na toroli lililojaa kichuguu linabeba kokoto nyingi kuliko lililosawazishwa. Ukiacha vijana wajaze wanavyotaka, ile 1:2:4 ya kwenye mchoro inageuka kitu kingine kabisa, na hakuna anayejua mpaka kyubu, kile kipande cha zege cha kupimia nguvu, ipasuke maabara kabla ya kufikia nguvu inayotakiwa. Mzee yule hakuwahi kusoma darasani habari za mafungu. Alijua kwa macho. Jioni niliandika hilo kwenye daftari, na tangu siku hiyo kila saiti ninayosimamia ina maboksi ya mbao ya kupimia, yenye ujazo uleule wa mfuko mmoja wa saruji.

Haya ndiyo mambo ya kuandika kila siku ukiwa fildi, hata kama kitabu cha chuo hakiyaulizi: hali ya hewa asubuhi na mchana, mvua ikinyesha ilianza saa ngapi na ikaisha saa ngapi, idadi ya mafundi na saidia fundi kwa kila kazi, vifaa vilivyoingia na namba ya hati ya mzigo, kazi iliyofanyika kwa vipimo, si kwa maneno ya "tumeendelea na ukuta", maelekezo yaliyotolewa na nani, na kilichosimamisha kazi. Kurasa mbili kwa siku zinatosha.

Na maji, mdogo wangu, yaangalie maji. Kwa mfuko mmoja wa saruji, lita 25 hivi za maji ndizo zinazotosha kwa zege la kawaida, na mchanga uliolowa tayari una maji yake ya kupunguza humo. Fundi akiona zege gumu kulisambaza ataomba ndoo moja zaidi. Zege litateleza vizuri, wote watafurahi, na nguvu yake itashuka. Ndiyo sababu tunapima slampu, yaani ulaini wa zege bichi, kabla ya kumwaga, na tunajaza kyubu za milimita 150 za kupasuliwa siku ya 7 na siku ya 28. Kabla ya kumwaga, inama chini ya nondo uone kama biskuti zipo, vile vipande vidogo vya zege vinavyoinua nondo zisilale kwenye mbao. Zikikosekana, nondo itakuwa karibu na hewa, itapata kutu, na baada ya miaka michache utaona dari likimeguka vipande. Pwani, kwenye chumvi ya bahari, hilo huja haraka zaidi. Zege likishamwagwa, limwagilie siku saba angalau. Andika kila siku uliyomwagilia.

Hatua ya 5: Ratiba inayosomeka na fundi

Chuoni utafundishwa kuchora ratiba yenye mishale na visanduku. Jifunze vizuri, kisha jizoeze kuieleza kwa mtu ambaye hajaiona. Mfano wa nyumba ya chini: msingi siku 10, kuta 12, linta na mkanda 5, paa 10, plasta 10, sakafu na rangi 12. Kazi hizo zinafuatana, jumla siku 59. Shimo la maji taka ni siku 8, na linaweza kuanza wakati wowote msingi ukishakwisha. Kwa hiyo lina nafasi ya siku 41 za kusogea bila kumuumiza mtu. Paa halina hata siku moja: likichelewa siku tatu, unakabidhi nyumba siku tatu baadaye. Msimamizi anayejua kazi ipi ina nafasi na ipi haina, akipata vibarua sita tu asubuhi hapotezi muda kufikiri awapeleke wapi.

Kisha weka mvua kwenye ratiba. Dar es Salaam na pwani, masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Kuchimba msingi bondeni mwezi wa Aprili ni kulipa pampu ya maji kila siku. Taarifa za msimu za Mamlaka ya Hali ya Hewa hutolewa kabla ya mvua, nazo ni bure. Zisome kama unavyosoma mchoro.

Hatua ya 6: Usome mkataba mpaka ukuingie

Hapa ndipo nilipolipa ada yangu kubwa kuliko ya chuo.

Ilikuwa kazi ya jengo la ghorofa tatu, mkataba wa shilingi milioni 600, mimi nikiwa na miaka miwili tu kazini. Tulifika ghorofa ya kwanza, mchoro wa ngazi ukabadilishwa. Mchoro mpya haukuja. Nilimpigia simu mhandisi mshauri, akaniambia unakuja kesho. Nikapiga tena, kesho. Tuliishi hivyo siku 19, mafundi wa nondo wamekaa, mikseri imefunikwa. Watu walikuwa waungwana, nami niliona si vizuri kuandika barua ya malalamiko kwa mtu ninayekunywa naye chai.

Mkataba wetu ulifuata masharti ya FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), ambayo kwenye toleo la 1999 yanamtaka mkandarasi atoe taarifa ya maandishi ndani ya siku 28 tangu alipojua jambo litakalompa haki ya muda wa ziada. Siku hizo zikapita. Mwisho wa kazi tulikuwa nyuma kwa siku 19 zilezile. Fidia ya ucheleweshaji ilikuwa asilimia 0.1 ya thamani ya mkataba kwa siku, yaani shilingi 600,000. Zidisha kwa 19: shilingi milioni 11 na laki nne. Tulipoleta hoja ya mchoro, tuliulizwa barua iko wapi. Sikuwa na barua wala ukurasa wa daftari wenye tarehe. Nilikuwa na kumbukumbu za simu tu. Fedha zile zilikatwa, na mwajiri wangu hakunifukuza, jambo ambalo mpaka leo namshukuru.

Kwa hiyo ukiwa mwaka wa tatu, somo la sheria za mikataba lisome kama mtu anayejua litamgharimu. Jua taarifa ni nini, hati ya malipo ya awamu ni nini, dhamana ya utekelezaji hutolewa na nani na hurudi lini, fedha ya zuio hukatwa kwa asilimia ngapi na hulipwa lini. Jifunze kuandika barua fupi yenye adabu: "Tunapenda kukujulisha kwamba tangu tarehe fulani kazi ya ngazi imesimama kwa kukosa mchoro namba fulani. Kwa mujibu wa kifungu fulani, hii ni taarifa yetu." Mistari mitatu. Barua ya namna hiyo haimvunjii mtu heshima, na hata mshauri mwenyewe inamsaidia kumsukuma mbunifu. Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, huendesha mafunzo ya mikataba na utatuzi wa migogoro. Ukipata nafasi, hata ukiwa mwanafunzi, nenda.

Hatua ya 7: Fuata fedha inavyotembea

Wakandarasi wadogo wengi wanaokufa kibiashara wana kazi mkononi. Fedha ndiyo inayochelewa kuwafikia. Tazama mfano: mwezi wa Januari umetumia milioni 50 kwa saruji, nondo na mishahara. Januari 31 unapeleka madai. Kwa masharti yaleyale ya FIDIC ya 1999, mhandisi ana siku 28 za kutoa hati, na mwajiri, yaani mwenye mradi, analipa ndani ya siku 56 tangu mhandisi apokee madai. Yaani fedha ya Januari inaweza kufika Machi 28 na bado hakuna aliyevunja mkataba. Wakati huo umeshatumia milioni 50 nyingine za Februari na karibu 50 za Machi. Vibarua wanalipwa Jumamosi, hawasubiri siku 56. Na hati ikija, zuio likiwa asilimia 10, milioni 5 zinabaki kwa mwenye mradi.

Jizoeze kuchora jedwali la kuingia na kutoka kwa fedha, mwezi kwa mwezi, kwa mradi wowote unaosoma. Mwajiri akikuona kwenye usaili unaweza kumwambia mwezi gani atakuwa na shimo kubwa zaidi mfukoni, atakusikiliza.

Hatua ya 8: Usalama, bila mzaha

Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Novemba 16, 2024 jengo lingine likaporomoka Kariakoo, na nchi nzima ikakaa siku kadhaa ikisikiliza sauti za watu chini ya kifusi. Sisi wa fani hii hatuna haki ya kusahau.

Mengi ya kuzuia vifo saitini ni madogo na hayahitaji cheo. Shimo lenye kina kuliko kiuno cha mtu, udongo uliochimbwa usirundikwe ukingoni. Mirunda inayoshikilia slabu isiondolewe kwa sababu ghorofa ya pili inaihitaji haraka. Muulize mhandisi siku ya kuiondoa na uandike jibu lake. Jukwaa likaguliwe kila asubuhi na baada ya kila mvua. Saiti iandikishwe OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, kabla ya kazi kuanza. Kila asubuhi, dakika kumi, simama na mafundi mzungumze hatari ya siku hiyo tu: leo tunapandisha nondo, nyaya za umeme ziko pale. Na ukiwa mwanafunzi, ukiona ufa mpya kwenye nguzo, sema. Sema kwa fundi mkuu, kisha kwa msimamizi, kisha andika tarehe na saa. Usiogope kuonekana mjuaji.

Hatua ya 9: Programu za kompyuta

Ekseli kwanza, na uimudu kweli. Halafu AutoCAD ya kutosha kusoma na kurekebisha mchoro, na MS Project au Primavera kwa ratiba. Revit, ya kutengeneza mfano wa jengo kwenye kompyuta, inazidi kuombwa kwenye miradi mikubwa. Usilipie kozi tano kwa mkupuo; chukua ratiba ya saiti uliyofanyia fildi uijenge upya kwenye programu moja mpaka ifanane na kilichotokea.

Hatua ya 10: Usajili na mlango wa kwanza wa kazi

Shahada peke yake haikupi jina la kitaaluma. Aliyesoma uhandisi anajisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwanza kama mhitimu, na kuna mpango wa mafunzo ya miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu. Aliyesoma ukadiriaji au ubunifu anakwenda Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, ambayo nayo ina utaratibu wake wa mafunzo na mitihani. Jisajili mwaka uleule uliohitimu. Nimeona watu wa miaka minane kazini ambao hawawezi kutajwa kwenye zabuni kwa sababu hawana namba ya usajili.

Kampuni zenyewe husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kwa madaraja saba: la saba ndilo la kuanzia, la kwanza halina ukomo wa thamani ya kazi. Kenya, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi iliyoundwa kwa sheria ya 2011 ina madaraja manane, NCA 1 hadi NCA 8. Kwa nini mhitimu ajali? Kwa sababu kampuni za madaraja ya chini zinahitaji watu wenye vyeti ili zisajiliwe na zipande, na mara nyingi haziwezi kumlipa mtu mshahara mkubwa. Huko ndiko kwenye nafasi yako. Nenda ukiwa na hesabu ya BOQ uliyofanya, ratiba uliyochora na daftari lako la fildi. Wenye kampuni huwa wanalifungua daftari kabla ya kufungua cheti.

Jifunze pia mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, NeST, ambao zabuni zote za umma sasa hupitia humo chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023. Kijana anayejua kupakia zabuni bila kukosea kiambatisho ni mali kwa mkandarasi mdogo. Sheria inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa makundi maalumu, vijana na wanawake wakiwemo. Ukiwa na wenzako watatu wenye taaluma tofauti, someni vigezo vya kujiunga na mlango huo mkiwa bado chuoni. Dada zangu nawaambia bila kuzunguka: saiti bado kuna watakaokuuliza unamtafuta nani. Waonyeshe kofia yako, ingia, pima kazi. Mafundi wanamheshimu anayejua kipimo, na hilo huwa limekwisha ndani ya wiki moja.

Hatua ya 11: Wiki ya kwanza kazini

Siku ya kwanza fika nusu saa kabla ya mafundi. Omba nakala ya mkataba, BOQ, ratiba na michoro, uangalie kila mchoro ni toleo la ngapi, maana kosa la kujenga kwa mchoro wa zamani ni la kila siku. Zunguka saiti nzima kwa miguu ukiwa na futi na pimamaji. Pima vyumba vitatu ulinganishe na mchoro. Muulize mtunza stoo mifuko ya saruji mingapi ilibaki jana, kisha uihesabu mwenyewe. Jifunze majina ya mafundi, usiwaite "wewe".

Jioni, wakati wengine wanafunga buti kwenye mifuko, kaa kwenye kivuli cha stoo. Andika tarehe juu ya ukurasa mpya. Hali ya hewa, idadi ya watu, vifaa vilivyoingia, kazi kwa vipimo, maelekezo na aliyeyatoa, kilichosimama na kwa nini. Mpe fundi mkuu asome na aweke sahihi chini.